Bwati na ponti hazinywi mafuta moja

Mu nyumba mingi za wachimbaji, motokari njo mushahara wa pili. Lakini bidoni moja ya mafuta yenye kuchaguliwa vibaya inaweza kula ile mushahara ndani ya miezi kidogo. Soma hapa namna ya kuchagua mafuta ya bwati ya vitesi na mafuta ya ponti, na mambo unapaswa kuangalia wakati fundi yuko anafanya kazi.

Shemeki yangu alitumika miaka 22 mu mugodi. Siku alipopata dekonti yake ya mwisho, wandugu walimupa mashauri ya kila namna: nunua kiwanja, fungua duka, fuga nguruwe. Yeye alinunua minibisi ya okazio, ya mazuti, ya vitesi vitano, akaitia ku barabara ya Likasi na Lubumbashi. Ni kilometri karibu 120, kwenda tu. Asubui anabeba wamama na bitunga vya biashara, mangaribi anarudisha watu ku manyumba. Kwa ile motokari watoto wake wane walikuwa wanasoma, na mama mukwe alikuwa anapata dawa zake za tansio kila mwezi.

Mu mwezi wa tano, vitesi ya pili ikaanza kulia. Kwanza ilikuwa asubui tu, wakati motokari ingali baridi: krrr. Kiisha ikawa muchana pia. Kiisha levye ikaanza kukataa, na shoferi akawa anaisukuma kwa nguvu kama mutu mwenye kufunga mulango uliovimba na mvua. Siku moja, mu kilima, vitesi ya pili ikatoka yenyewe, na motokari yenye watu 16 ikaanza kurudi nyuma. Kwa neema ya Mungu feri ilishika, hakuna mutu aliumia. Lakini wamama wote walishuka wakapanda kilima kwa miguu, na mumoja akamuambia shoferi:

— Papa, siye tuko na batoto ku nyumba.

Fundi alishusha bwati akaifungua. Mbele ya kuifungua, alimwanga mafuta mu beseni, akaingiza kidole, akakionyesha shemeki ku jua. Juu ya kidole kulikuwa vumbi ya njano, ndogo ndogo, yenye kungaa.

— Unaona hii, papa? Aiko zahabu. Ni shaba. Njo masinkro yako ile.

— Lakini miye nilitia mafuta ya nguvu! Ya bei! Ile ya makamyo makubwa!

— Nguvu ya nani? Ile mafuta ni ya ponti. Umeitia mu bwati, njo ilikula bwati.

Shemeki si mujinga. Aliulizia ku duka, na muuzaji akamuambia neno lenye watu wengi wanalisema: mafuta nzito njo mafuta ya nguvu. Basi alinunua bidoni moja kubwa yenye maandiko 85W-140 GL-5, akaitia ku bwati na ku ponti, ili asinunue bidoni mbili. Alichunga dola 12. Bwati ingine ya okazio, kazi ya fundi, na siku 9 za kulala bila kutembea zilimulia zaidi ya dola 500. Fundi alisema ukweli: ile bwati haikuwa mupya, ilikuwa imechoka tangu ilipofika. Lakini mafuta njo ilimaliza kazi.

Nyumba mbili, kazi mbili

Ku jina, yote ni mafuta ya pinyo. Lakini pinyo za bwati na pinyo za ponti hazitumike kazi moja.

Mu bwati, pinyo zinazunguka moja pembeni ya ingine, na meno yanakutana bila kuteleza sana. Kazi ngumu ni ya kintu kingine: sinkro. Sinkro ni pete, mara mingi ya shaba ya njano ao ya bronzi. Wakati unasukuma levye, ile pete inakamata kwanza pinyo, sawa mukono wenye kusimamisha gurudumu ya kinga, mpaka vyote viwili vinazunguka na mbio moja. Hapo njo meno yanaingia bila kelele. Kumbuka neno hili: sinkro inaomba kukamata. Mafuta ikiteleza kupita kipimo, pete haishike. Mafuta ikiwa nzito kupita kipimo, pete inachelewa kuisukuma pembeni. Levye inafika mbele ya wakati, meno yanagongana. Ile krrr unasikia, ni meno yanalia.

Mu ponti mambo ni mengine. Ku motokari zenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace ao Hilux, nguvu ya motere inapita mu muti murefu wa chuma mpaka ku ile kichwa ya mviringo kati ya magurudumu ya nyuma. Mafundi wanaiita ponti. Ndani yake njo kunakaa diferansiele. Pale pinyo moja ndogo inazungusha kurone kubwa, na nguvu inapiga kona kwenda ku kuume na ku kushoto. Mu ponti mingi, ile pinyo ndogo haiko sawa na katikati ya kurone; iko chini kidogo. Mainjinia wanaita hii ipoide. Ilianza kuingia mu motokari za Marekani mu miaka ya 1920, maana iliruhusu kushusha ule muti wa chuma, na pamoja naye sakafu ya motokari. Meno ya namna hii yana nguvu na hayapigi kelele. Lakini yanateleza moja juu ya ingine na mukandamizo mukubwa sana. Mafuta ya kawaida inakamuliwa inatoka katikati yao, na chuma inabaki inakula chuma.

Juu ya ile, mu mafuta ya ponti wanatia dawa ya sufre na fosfore. Pale meno yanapokandamizana na kupata moto, dawa inaungana na chuma na kutengeneza ngozi nyembamba sana juu ya jino. Ngozi njo inakwaruzika, jino linapona. Ni kazi ya kaske: jiwe likianguka, kaske inapasuka, kichwa inabaki.

Shaba na sufre zinajuana

Mutu wa Katanga hana lazima ya profesa kwa kuelewa kipande hiki. Juu ya mugodi tunapata malakiti ya kijani. Lakini tukishuka chini, tunakuta majiwe mengine: kalkopirite ya njano, kalkosine ya kijivu, bornite ya rangi mingi kama shingo ya njiwa. Yote ile ni shaba yenye kufungwa na sufre. Sufre inapenda shaba, na watu wa usine wanajua ni moto gani inaomba kwa kuzitenganisha.

Sasa angalia mu bwati. Pete ya sinkro iko na shaba mingi ndani yake. Ukiitia mu mafuta yenye sufre mingi, na ile mafuta ikapata moto kila siku ku barabara, zile mbili zinaanza kutafutana tena. Wenye kutengeneza mafuta wanajua hii vizuri. Mu laboratware wanakamata kipande cha shaba chenye kusuguliwa mpaka kinangaa, wanakizamisha mu mafuta moto kwa masaa, mara mingi masaa 3, kiisha wanaangalia rangi. Namba 1 ni shaba yenye kubaki karibu safi. Namba 4 ni shaba yenye kuwa nyeusi.

Tuseme ukweli wote: mafuta mazuri ya leo yanatumia sufre yenye kutulia kupita ile ya zamani, na si kila mafuta ya ponti itakula pete zako kwa mbio. Lakini hata pale sufre inatulia, ile shida ingine inabaki: mafuta yenye kutengenezwa ili meno ya ponti yateleze inaweza kufanya sinkro iteleze pia.

Herufi mbili na namba moja

Ku nyuma ya bidoni, tafuta herufi GL. Ni alama ya API, shirika la petroli la Marekani, na kampani za mafuta za dunia yote zinaifuata.

GL-4 iko na dawa ya kulinda meno kwa kipimo cha katikati. Njo mafuta ya bwati mingi za vitesi vya mukono.

GL-5 iko na dawa karibu mara mbili. Njo mafuta ya ponti za ipoide, zenye kubeba uzito na kupata mushituko.

Watu wengi wanafikiri GL-5 ni mukubwa wa GL-4, sawa vile mutu anapanda kada ku kazi. Hapana. Ile namba inaonyesha kazi. Fundi wa umeme na fundi wa kulipua baruti, wote wawili ni wa lazima mu mugodi, lakini usimupe mumoja kazi ya mwenzake.

Na kosa ya upande wa pili ni mbaya zaidi. Ukitia GL-4 mu ponti ya ipoide, hautasikia kitu siku ya kwanza. Kiisha ponti itaanza kuimba: uuuu, wakati unakanyaga gazi. Kufika pale, meno yamekwisha kukwaruzika, na hakuna mafuta ya kuyarudisha. Bwati yenye sinkro zilizokufa inaweza kukufikisha ku nyumba. Ponti yenye kukamatana inakuacha katikati ya barabara, usiku, na watu ndani.

Kuna bidoni zenye kuandikwa GL-4 na GL-5 pamoja. Hapo, kitabu ya motokari njo mukubwa. Kwa bwati zingine, mutengenezaji anakubali zote mbili. Kama anaomba GL-4 tu, tafuta bidoni yenye GL-4 peke yake. Kama kitabu ilipotea, na mu okazio mara mingi inapotea, piga foto ya plake ya motokari, ile yenye namba za shasi na za motere, uipeleke kwa muuzaji wa piesi mwenye kujua kazi. Fundi mwenye kukujibu bila kuangalia ni bwati gani, huyu anabahatisha.

75, 80, 85: uzito wa mafuta

Namba zingine, kama 75W-90, zinaonyesha vile mafuta inatembea. Ile yenye W ni kwa baridi. Mafuta ya 75W inapaswa kutembea hata ku degre 40 chini ya zero. 80W ku degre 26 chini ya zero. 85W ku degre 12 chini ya zero. Siye kwetu hatuna barafu. Lakini mu mwezi wa sita na wa saba, asubui mapema, Kolwezi na Lubumbashi baridi inakamata kweli, na unaisikia mu levye: mafuta nzito inafanya vitesi kuwa ngumu mpaka bwati ipate moto. Kwa bwati za motokari ndogo na za katikati, 75W-90 ao 80W-90 njo zinaombwa mara mingi, na kwa baridi ya kwetu zote mbili zinatosha.

Namba ya mwisho ni uzito wakati mafuta iko moto. Ponti nyingi zinaomba 90. Zile za 140 ni za ponti zenye kubeba muzigo mukubwa mu joto, pale mutengenezaji mwenyewe aliikubali. Bwati ya minibisi haiko na kazi na 140. Njo kosa ya pili ya shemeki: alikosea GL, akakosea na uzito.

Mashoferi wengine wanaogopa wakisoma 90, wanasema: “Motere yangu inakunywa 40, hii 90 itakuwa kama lami.” Usiogope. Mizani ya mafuta ya motere na mizani ya mafuta ya pinyo haziko moja. 90 ya pinyo, ukiitia pembeni ya mafuta ya motere, iko karibu na 40 ao 50.

Motokari yako ni ya namna gani?

Mbele ya kununua, jiulize maulizo matatu.

La kwanza: nani anasukuma, magurudumu ya mbele ao ya nyuma? Ku motokari ndogo mingi za mujini, motere na bwati na diferansiele viko pamoja ku mbele, mu karteri moja. Pale hakuna ponti ya nyuma, na mafuta ni moja kwa vyote. Meno ya ile diferansiele ya mbele mara mingi si ya ipoide, na hayaombi dawa mingi ya ponti. Fuata mafuta ya bwati yenye kitabu inaomba.

La pili: vitesi ni vya mukono ao otomatike? Motokari mingi zenye kutoka Japani ni otomatike. Hizi haziombi GL-4 wala GL-5. Zinaomba mafuta yao ya otomatike, na zile za CVT zinaomba ingine tena. Ukitia mafuta ya pinyo mu bwati ya otomatike, unaiua.

La tatu: iko na ponti ngapi? Land Cruiser ao Hilux ya magurudumu mane yenye kuvuta iko na bwati, iko na bwati ndogo ya kugawanya nguvu, iko na diferansiele ya mbele na ponti ya nyuma. Ile ni bushoni mingi, na kila moja ina mafuta yake. Fundi mwenye kukuambia “nilibadilisha mafuta,” muulize: ya wapi? Na kama ponti ni ya kujifunga yenyewe, ile yenye kuzuia gurudumu moja kuzunguka bure mu matope, inaweza kuomba GL-5 yenye alama LS. Bila ile, utasikia inatetemeka mu kona.

Ku soko

Bidoni nzuri iko na mufuniko wenye pete yake haijakatika, karatasi yenye kushikamana vizuri, na namba ya kutengenezwa yenye kusomeka. Kama mufuniko unazunguka bure, ao karatasi iko na maandiko yenye makosa, rudisha. Mafuta yenye kupimwa mu pipa na kutiwa mu shupa ya maji hauwezi kujua ni nini. Rangi haisaidie kitu. Harufu vilevile: mafuta ya pinyo inanuka yai lililooza juu ya sufre, lakini pua haiwezi kutofautisha GL-4 na GL-5.

Usichanganye. Kama haujui ndani mulitiwa nini, toa yote, tia mupya. Na ukinunua motokari ya okazio, siku ya kwanza badilisha mafuta ya bwati na ya ponti, hata kama muuzaji anaapa. Kuna wauzaji wenye kutia unga wa mbao mu bwati na mu ponti ili kelele inyamaze mpaka pesa ipite mu mukono. Ukitoa mafuta na unga ukatoka, angalau unajua siku ile, kuliko kujua mu kilima.

Bwati ya motokari ya kawaida inakunywa karibu litri 2 mpaka 3, na ponti ya nyuma vile vile kwa motokari mingi. Si mafuta mingi, na si ya kila mwezi. Njo maana haifai kuichunguzia dola 12.

Fundi akianza kazi, kaa karibu

Motokari isimame fasi ya sawa, itoke kutembea kidogo ili mafuta iwe na moto na itoke yote. Lakini moto kidogo tu, usijiunguze.

Bushoni ya kwanza kufungua ni ya juu, ya kutilia mafuta. Hii ni sheria kubwa. Mafundi wengi wanafungua ya chini kwanza, mafuta inatoka yote, kiisha wanakuta ya juu ilishika kutu, haifunguke. Pale motokari inalala bila mafuta ndani.

Mafuta ikitoka, angalia pamoja na fundi. Bushoni ya chini mara mingi iko na simaku. Ukikuta juu yake uji wa kijivu, laini kama poda, ni kuchakaa kwa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma ao ncha ya jino, usifunge. Tafuta kwanza chanzo. Vumbi ya njano ni sinkro. Mafuta ya rangi ya maziwa ni maji yenye kuingia.

Maji yanaingia namna gani? Juu ya ponti kuna tundu ndogo ya kupumulia, mafundi wanaiita renifla. Wakati wa mvua matope inaiziba. Ponti ikipata moto, hewa ya ndani haina njia, inasukuma mafuta kupita ku spi, ile mupira yenye kuzuia mafuta, na unaona magurudumu yamelowana. Ukiingia mu kiziba cha maji na ponti ingali moto, hewa ya ndani inapoa gafula, inajikunja, na inavuta maji kupita ku ile spi. Kusafisha renifla hakuombi pesa. Inaomba dakika 5 na kitambaa.

Kwa kutia, mafuta inapanda mpaka inaanza kutiririka ku mudomo wa bushoni ya juu. Hapo njo kipimo, kama kitabu haisemi ingine. Kupita pale ni hasara, maana mafuta mingi sana inachemka povu na kusukuma spi. Tia pete mupya ku bushoni, funga, pangusa, na kesho asubui angalia chini kama kuna tone.

Ile mafuta ya zamani usiimwange ku mutaro wala ku muto. Ibaki mu bidoni, uirudishe ku garaji yenye kuikusanya. Na nawa mikono na sabuni mbele ya kushika mutoto.

Kila kilometri ngapi?

Vitabu vingi vinaomba kubadilisha kati ya kilometri 40,000 na 80,000. Zile hesabu ziliandikwa kwa barabara nzuri na uzito wa sheria. Minibisi yenye kujaa kila siku, pikapu yenye kubeba masaki ya majiwe, motokari yenye kupita mu vumbi na mu maji, hizi ziko mu kazi ngumu, na vitabu vingi vyenyewe vinasema kazi ngumu inaomba kupunguza. Kwa kazi ya namna hiyo, kubadilisha kila kilometri 20,000 mpaka 30,000 ni busara. Na kila mwezi, fungua bushoni ya juu, angalia kipimo. Bwati yenye kutoka mafuta kidogo kidogo haipigi kelele mpaka ikauke.

Mu nyumba mingi, mama njo anachunga pesa ya motokari. Basi achunge na kaye. Mu kaye andika mambo mane: tarehe, kilometri, fasi (bwati ao ponti), na jina la mafuta pamoja na GL yake. Siku fundi akibadilika, ao shoferi akitoroka, kaye inabaki. Siku utauza motokari, ile kaye pia iko na bei.

Shemeki yangu alirudi ku barabara. Kwanza alikopa ku kikundi cha likelemba, na ile deni alilipa mwaka muzima. Mutoto wake wa tatu alikosa trimestre moja ya masomo juu ya ile. Sasa chini ya minibisi yake kuna alama mbili za rangi: nyeupe ku bushoni ya bwati, nyekundu ku bushoni ya ponti. Bidoni zake mbili ziko na rangi ileile. Binti yake wa miaka 13 njo anaandika mu kaye. Kila mara baba anarudi na mafuta, yeye haulizie bei. Anageuza bidoni, anatafuta herufi mbili ku nyuma, anasoma kwa sauti:

— GL-4. Hii ya nyeupe, papa. Na ile ya nyekundu iko wapi?